Daftari la Pointi

Mama yangu, aliyeuza sambaza soko la Nyawera,
aliniuliza mara moja tu:
kikapu kisicho na kitako
hubeba nini?
Nikamjibu, pointi.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa hesabu,
msichana pekee kwenye benchi la wanaume,
kalamu mbili: ya buluu yetu, nyekundu ya wageni.
Chuo cha Ualimu kilikaa ubavuni mwa mlima,
na uwanja wake ulichongwa kwa jembe na wanafunzi wa kwanza
wakaacha mwinamo kidogo upande wa ziwa.
Kidogo, walisema.
Lakini mpira uliotoka nje upande ule
ulishuka vichochoro vyote, ukapita kanisa, ukapita kinu cha muhogo,
na mchezo ulisimama mpaka mtoto fulani aurudishe
akidai andazi lake.

Pete ya kwanza aliifua Lwaboshi, mhunzi wa Kadutu,
kutokana na mkanda wa pipa la mafuta.
Ilipungua vidole viwili.
Nani angepima?
Miaka sita vijana wetu walilenga tundu lile finyu
wakijilaumu mikono,
kisha wakapanda meli ya usiku kwenda Goma
wakakuta pete ya haki, pana kama karai la kuogeshea mtoto.
Themanini na nane kwa hamsini na moja.
Wino wa buluu uliniishia.
Zihindula, mfupi, mwenye kigugumizi,
alitumbukiza mipira kumi na minne bila kugusa chuma,
na kuanzia usiku ule akawa anaongea kama redio.

Wafadhili wakasikia. Wakaleta pete mpya zilizopimwa,
vibao vya kioo, jezi za kijani zenye namba za kushonwa.
Tukaanza kushindwa.

Sisemi pete ndizo zilizotuua. Daftari halisemi hivyo.
Daftari linasema: mwaka ule wachezaji kumi na wawili.
Uliofuata, tisa. Cirhuza kaenda kuchimba dhahabu Kamituga.
Bisimwa kaoa. Murhula,
hapo nimechora mstari mtupu,
maana mama yake alikuwa bado anamngoja
na sikutaka kalamu yangu imtangulie kwa jibu.
Mwishoni saba. Watu saba, jezi kumi na mbili;
zile tano tulizifua pia.

Barua ilibandikwa Alhamisi, kando ya orodha ya wadaiwa wa karo:
kitengo cha mpira wa kikapu cha wanaume
kimesimamishwa hadi taarifa nyingine.
Sahihi, muhuri, na muhuri tena.
Pesa zilikwenda kwenye paa la maktaba,
na kusema kweli paa lilikuwa linavuja.
Nani angetetea mpira mbele ya kitabu kilicholowa?
Vitabu vile nilivisoma mimi.
Bado nilikasirika.

Leo ni mhasibu wa chuo hichohicho.
Madarasa manne yamesimama juu ya uwanja.
Nguzo moja imebaki, imebeba antena
na kamba ya kuanikia ya mke wa mlinzi.
Pete ya Lwaboshi niliikuta stoo, chini ya viti vibovu.
Nikaipima.
Viwili, ndiyo.

Mwezi uliopita Zihindula alikuja kumwandikisha binti yake.
Kipara, kitambi, kigugumizi kimerudi.
Hakuulizia karo. Aliuliza:
ile Jumapili kabla ya barua, tu-tulikuwa na ngapi?
Nikafungua droo.
Arobaini kwa arobaini na moja, dakika tatu zimebaki,
mpira umetoka upande wa ziwa.
Tulikaa hadi giza tukimsubiri mtoto.
Ukurasa ule sikuujumlisha.

Zihindula aliangalia dirishani, kule chini kwenye mabati,
muda mrefu, binti yake akimvuta mkono.
La-labda, akasema,
hatukumlipa lile andazi la kwanza.